Mtoto Asizaliwe Kabla ya Siku Zake

Katika nyumba nyingi mtoto akizaliwa kabla ya siku zake watu husema, "Ndivyo ilivyoandikwa," kisha hunyamaza. Sisi twaona yafaa kulitazama jambo hili kwa makini zaidi, maana mara nyingine sababu yake yajulikana, na yaweza kuzuiwa mapema.

Mtoto njiti ni yule azaliwaye kabla ya kutimia majuma 37 ya mimba. Shirika la Afya Duniani lilikadiria ya kuwa mwaka 2020 walizaliwa watoto wa namna hii milioni 13.4, yaani kadiri ya mmoja katika kila kumi. Matatizo yatokanayo na kuzaliwa mapema huua watoto walio chini ya miaka mitano kuliko sababu nyingine yo yote. Mara nyingi chanzo chake hakionekani. Lakini vipo vyanzo vijulikanavyo, kama malaria, kaswende, maradhi ya njia ya mkojo, na shinikizo la damu likizidi kiasi.

Mkaza mwana wetu alipochukua mimba ya kwanza, alikwenda kliniki mara nne, wala hakukosa hata siku moja aliyoambiwa. Kadi yake ilipigwa muhuri kila mara. Lakini chombo cha kupimia shinikizo la damu kilikuwa kimeharibika, na mkojo wake haukupimwa kamwe. Mwezi wa saba uso ulimvimba, kichwa kikamwuma sana, macho yakaingia ukungu. Tulipomfikisha hospitali, waganga walituambia ya kuwa hapana njia ya kumwokoa ila kumzalisha siku ile ile. Mama akapona. Mtoto aliishi siku tisa.

Mimba ya pili aliipeleka mahali pengine. Mkunga wa hapo alimwuliza habari zote za mimba iliyotangulia, akaziandika. Kwa ajili ya habari hizo mganga alimpa aspirini, kipimo kidogo kila siku, kabla ya juma la 20. Dawa hii hupunguza hatari ya maradhi yale kwa wanawake waelekeao kuyapata, lakini mtu asijinunulie dukani pasipo shauri la mganga. Alipimwa damu na mkojo kila alipokwenda, akapewa na dawa ya kuzuia malaria. Tena karibu kila mara alipokewa na mkunga yule yule, aliyemjua kwa jina. Mtoto alizaliwa juma la 38, akalia hata majirani wakasikia.

Tangu mwaka 2016 Shirika hilo lashauri mama mja mzito aonane na wahudumu mara nane, na mara ya kwanza iwe kabla ya majuma 12 kupita. Shauri hilo ni jema. Lakini muhuri wa kadi haumpimi mtu damu. Kwa hiyo enyi waume, mfuataneni na wake zenu, mkaulize kwa adabu ni kipi kilichopimwa na ni kipi kilichosalia. Nanyi mnaoketi katika kamati za zahanati, ulizeni kila mwezi kama chombo cha damu chafanya kazi, na kama vipimo vya mkojo vipo.

Na mama akiumwa kichwa kisichopoa, au akivimba uso, au akitokwa na damu au maji kabla ya wakati, msingoje kupambazuke. Mpelekeni usiku ule ule.