Somo Nililofundishwa na Mwenzangu



Nilipoanza kufundisha hapa Rusizi, nilijiona mlinzi wa Kiswahili sanifu. Siku moja mwalimu wa hisabati, aliyekulia Bukavu, ng'ambo ya mto Ruzizi, alichungulia dirishani akasema, "Batoto banakuya." Nikamsahihisha mbele ya walimu wote: "Watoto wanakuja." Wakacheka. Tangu siku hiyo akawa ananisalimu kwa Kinyarwanda tu.

Baadaye mama mmoja mchuuzi alivuka mpaka, akaja kumwondoa binti yake shuleni. Nilimwuliza sababu kwa ufasaha wangu wote. Akainamisha kichwa, asijibu. Ndipo mwenzangu alipoketi karibu naye, akazungumza kama wazungumzavyo sokoni Bukavu. Mama akaeleza yote. Binti hakuondoka.

Nilimwomba radhi mwenzangu. Akaniambia kwamba alianza kazi akifundisha kwa Kifaransa. Mwaka 2008 serikali ilipoamua Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia, alijifunza upya akiwa mtu mzima, na wanafunzi walimcheka. "Nilidhani mwalimu mwenzangu hatanicheka," alisema.

Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi nchini Rwanda, nanyi mtakitumia kazini pamoja na watu wa kila upande. Katika mtihani andikeni "watoto", hapo sitawasamehe. Lakini kazini, anayesema "batoto" mwacheni kwanza amalize. Huenda analijua jambo msilolijua, kama mimi siku ile.