Uwanja wa Ndege wa Kalemie na Dola Zetu Kumi



Ukitoka mjini kwenda uwanja wa ndege unavuka Lukuga, mto unaotoa maji ya ziwa letu na kuyapeleka mpaka Lualaba, kisha unashika njia ya kaskazini, ziwa likiwa mkono wa kuume. Mwenye pikipiki atakuuliza kama unasafiri au unasindikiza tu, maana bei inategemea jibu lako. Wiki iliyopita tulijibu kwamba tunasindikiza. Mwenzetu mmoja wa chama alikuwa anakwenda Lubumbashi kupasuliwa, nasi tulikuwa tumemchangia tiketi kwa muda wa miezi minne.

Mvua ilikuwa juu ya ziwa siku hiyo, kwa hiyo ndege ilichelewa, na tulipata saa nzima za kutazama na kuzungumza. Pisti yetu haifiki hata mita 2,000. Ya Luano, Lubumbashi, inapita mita 3,000, na ya N'djili huko Kinshasa ina 4,700. Ndege kubwa haitui popote tu, na ndege ndogo inabeba watu wachache. Wakiwa wachache, kila mmoja analipa zaidi. Ndiyo sababu moja ya tiketi yetu kuwa nzito kuliko gunia la ndagala.

Ndege si mgeni hapa. Mwaka 1916, mji ukiitwa bado Albertville, Wabelgiji walileta ndege nne za kuruka kutoka majini, wakaziweka Mtoa, kaskazini ya hapa. Zilivuka ziwa kwenda kutupa mabomu Kigoma kwa Wajerumani. Reli kutoka Kabalo ilikuwa imefika ziwani mwaka mmoja tu mbele yake. Vita vilileta ndege kwetu haraka sana, tunaona.

Sasa tuzungumze pesa. Kabla ya kupanda, kila msafiri analipa Go Pass. Malipo hayo yalianza mwaka 2009, dola 10 kwa safari ya ndani ya nchi na dola 50 kwa safari ya nje, ili viwanja vitengenezwe. Viwanja vyenyewe viko chini ya Régie des Voies Aériennes, shirika la Leta tangu mwaka 1972. Kwa miaka hiyo N'djili imepata jengo jipya la abiria, lililofunguliwa mwaka 2015. Hatuwaonei wivu wa Kinshasa. Lakini mama wa Kalemie anayeuza samaki naye alilipa.

Tulifanya hesabu pale pale, kwa mfano tu. Ndege ya watu 40 ikiondoka mara tatu kwa wiki, kila mtu akitoa dola 10, ni dola 1,200. Kwa mwaka ni dola 62,400. Kwa sisi tunaoweka akiba ya franka kidogo kidogo ni utajiri, lakini kwa kazi ya lami, taa, ukuta na mnara ni kidogo sana. Goma, baada ya moto wa Nyiragongo kufunika sehemu ya pisti mwaka 2002, ilingoja mpaka Banki ya Dunia ilipotoa dola milioni 52 mwaka 2015. Ng'ambo yetu, Kigoma iliwekwa pamoja na Tabora, Shinyanga na Sumbawanga katika mkopo mmoja wa Banki ya Uwekezaji ya Ulaya. Kiwanja kidogo hakijijengi kwa pesa ya abiria wake. Ni lazima mtu mkubwa aamue kwamba watu wa huko nao wanahesabiwa.

Wako wamama katika chama wasiokubali. Mmoja alituambia wazi: "Mimi sijawahi kupanda ndege, wala binti yangu. Mtuombee maji na materniti kwanza." Ana haki ya kusema hivyo, na hatutaki aombe kidogo. Lakini chanjo ya mtoto wake inatunzwa kati ya digrii 2 na 8, na kila siku inayopotea njiani inaihatarisha. Mama anayetoka damu wakati wa kuzaa, ikiwa hapa hakuna wa kumpasua, hawezi kungoja gari moshi. Na ziwa tunalijua: meli Mutambala ilizama mwezi wa kumi na mbili 2014, watu zaidi ya 120 wakafa. Tangu vita vilipofunga viwanja vya Goma na Kavumu mwanzoni mwa 2025, mashariki yote imebaki na milango michache ya angani. Wetu ni mmoja wapo.

Tusimkimbilie gavana peke yake. Katiba, kifungu cha 175, inaipa mikoa asilimia 40 ya mapato ya taifa, na hata hiyo gavana ana barabara na shule za kutazama. Uwanja ni mali ya taifa zima, na bajeti ya taifa inapigiwa kura Kinshasa, katika kikao kinachofunguliwa tarehe 15 ya mwezi wa tisa kila mwaka. Hapo ndipo wabunge wetu wanapokaa. Wakirudi kuomba kura wanatuita mama. Basi tuwaulize kama mama. Je, Kalemie imeandikwa katika bajeti? Kwa pesa ngapi? Na ya mwaka uliopita, ilitolewa kweli au ilibaki katika karatasi?

Sisi tungeanza na pisti na mifereji ya maji, maana mwaka 2024 tuliona jinsi ziwa linavyopanda na kuingia nyumbani bila kubisha hodi. Kisha mahali penye kivuli pa kunyonyesha, choo chenye maji, na njia ya kumpitisha mgonjwa aliyelala. Vioo vya kung'aa vingoje.

Vikundi viwili vimekwisha kuandika barua zao kwa wabunge. Vingine vilete majina na sahihi, au alama ya kidole kwa asiyeandika, kabla mwezi wa nane haujaisha. Mwenzetu amepasuliwa, anakunywa uji, na ametuma salamu.