Mpaka wa Kielezi

Katika baadhi ya barabara za Washington, D.C., njia za mabasi zimepakwa rangi nyekundu na kuandikwa maneno mawili kwa herufi kubwa: BUS ONLY. Hakuna kitenzi hapo. Mwanafunzi aliyekaririshwa kwamba kazi ya kielezi ni kufafanua kitenzi atakitafuta asikione. Kilichopo ni nomino, na kielezi kilichoikumbatia. Hata hivyo madereva hawapati taabu. Wanaelewa kwamba njia ile ni ya mabasi, na kwamba anayeingia na gari lake ajiandae kulipa faini.

Kiingereza cha kila siku kimejaa vielezi vya namna hii, vinavyosimama mlangoni mwa kirai nomino: ‘only the mother’, ‘even the judge’, ‘almost everyone’. Kielezi kikihama mlango, maana nayo huhama. ‘Only she signed the letter’: yeye peke yake ndiye aliyetia sahihi. ‘She signed only the letter’: alisaini barua, kingine hakukigusa. Lakini katika mazungumzo watu hupenda kukitanguliza mbele ya kitenzi, ‘She only signed the letter’, kisha wakaiachia sauti kazi ya kuonyesha kinaelekea wapi. Kwenye karatasi sauti haipo.

Mkalimani mmoja, mzaliwa wa Tanga na mkaazi wa Silver Spring katika jimbo la Maryland, anapata riziki yake katikati ya tofauti ndogo kama hizi. Husimama kati ya wazungumzaji wa Kiswahili na mahakimu, mawakili na madaktari wa eneo hilo. Istilahi za sheria hazimtishi, kwa kuwa zina kamusi zake. Neno linalomkosesha usingizi ni ‘tu’.

Mtu akisema, “Nilisaini tu,” amesema mengi kwa maneno mawili: hakusoma, hakuuliza, alionyeshwa mahali pa kuandika jina akaandika. Ukimtafsiria kwa ‘I only signed’, msikilizaji anaweza kudhani sentensi haijaisha: alisaini tu nini? Mkalimani humwendea ‘just’, neno jingine dogo, ili ule unyonge usipotee njiani. Lakini mtu akisema, “Nilisaini karatasi ya kwanza tu,” hapo ‘tu’ imeshika karatasi, si kitendo. Ikitokea karatasi ya pili yenye sahihi yake, shahidi ataonekana mwongo kwa sababu ya silabi moja.

Kiswahili hakikukosa vifungo vya kuzuia shaka. ‘Peke yake’ hubadilika kumfuata mwenyewe: peke yangu, peke yako, peke yao. Upatanisho humtaja aliyekuwa peke yake hata neno likiwa mbali naye. ‘Tu’ haina upatanisho wowote. Hukaa mwisho wa fungu la maneno kama mgeni aliyechelewa, na msikilizaji ndiye anayeamua alikuja na nani.

Wenzake wakimcheka kwamba anapima vielezi kama mfanyabiashara anayepima karafuu, yeye huwatajia kesi iliyoamuliwa na Mahakama Kuu ya Marekani, jijini Washington, tarehe 4 Mei 2009. Ignacio Flores-Figueroa, raia wa Mexico, alikuwa amempa mwajiri wake huko Illinois mwaka 2006 nyaraka bandia zenye jina lake halisi. Namba zilizokuwemo, kumbe, zilikuwa za watu wengine. Sheria iliyotungwa mwaka 2004 inaongeza kifungo cha miaka 2 kwa mtu ambaye, katika kutenda makosa fulani, ‘knowingly’, yaani kwa kujua, anatumia bila idhini halali ‘a means of identification of another person’: kitambulisho cha mtu mwingine. Utetezi wake ulikuwa kwamba haikuthibitishwa kuwa alijua namba hizo zina wenyewe.

Kwa hiyo miaka 2 ya maisha ya mtu ilining’inia kwenye swali la sarufi: je, kielezi ‘knowingly’ kinaishia wapi? Hoja ambayo serikali iliitetea kwa nguvu zaidi ilikuwa kwamba kinagusa maneno yote isipokuwa matatu ya mwisho, ‘of another person’. Yaani kinaingia ndani ya kirai nomino, kinafika kwenye kitambulisho, kisha kinasimama kabla ya kumfikia mwenye kitambulisho.

Jaji Stephen Breyer, aliyeandika hukumu, alijibu kwa Kiingereza cha nyumbani. Mtu akielezwa kuwa alikula sandwichi yenye jibini kwa kujua, alisema, kwa kawaida tunachukulia kwamba alijua anakula sandwichi na alijua ina jibini. Mtoto akichukua kwa kujua kitu cha kuchezea cha ndugu yake, tunaelewa kwamba alijua ni cha ndugu yake. Majaji wote 9 walikubaliana na matokeo. Jaji Samuel Alito, hata hivyo, aliandika kando kutahadharisha kwamba muktadha unaweza kukifupisha kielezi hicho, na kwamba kanuni hiyo isichukuliwe kuwa haina pengo.

Hukumu hiyo ilichelewa kwa wengine. Tarehe 12 Mei 2008, karibu mwaka mzima kabla yake, maafisa wa uhamiaji walivamia kiwanda cha nyama mjini Postville, Iowa, wakakamata watu 389, wengi wao Waguatemala. Wengi waliwekewa mbele chaguo: wakiri kosa dogo na kufungwa miezi 5, au wakabiliane na shtaka lile lenye miaka 2. Walikiri. Kielezi kilipokuja kupata mpaka wake Washington, vifungo vyao vilikuwa vimekwisha.

Mkalimani huyo amejaribu mara nyingi kuitia ibara ile katika Kiswahili chema. Kiswahili hupenda kuligeuza neno kama ‘knowingly’ kuwa kitenzi: alitumia kitambulisho cha mtu mwingine akijua. Lakini ‘akijua’ haikubali kuachwa hivyo hivyo. Mswahili atauliza mara moja: akijua nini? Ukimjibu, “akijua kuwa ni cha mtu mwingine,” umekwisha toa hukumu ya Breyer. Ukimjibu, “akijua kuwa ni kitambulisho,” umekwisha kaa upande wa serikali. Ukitumia ‘kwa kujua’, umeyahifadhi mashaka ya Kiingereza, ila kwa sentensi ambayo bibi yake wa Tanga asingeitamka.

Naye hutumia ‘kwa kujua’. Anaona heri asikike mzito wa ulimi kuliko kumwamulia mshtakiwa jambo ambalo halijaamuliwa. Na maneno ya shahidi yanapobeba maana mbili, humwomba hakimu ruhusa ya kumuuliza shahidi alikusudia ipi, ingawa baadhi ya mawakili hukunja uso kwa kupotezewa dakika.

Kielezi ni neno ambalo wanafunzi wengi hulipa alama za chini, pambo linaloweza kuondolewa na sentensi ikasimama. Huenda ikasimama kweli. Lakini kati ya mtu aliyechukua namba na mtu aliyechukua namba ya mwenzake akijua ni ya mwenzake, kuna miaka 2, na umbali huo wote hupimwa kwa neno moja na mahali lilipoachiwa kufika.