Shibiri Moja ya Uhai

Mvuta mkokoteni wa soko la Keumbu, kando ya barabara itokayo Kisii kwenda Keroka, hapakii mikungu ya ndizi ovyo. Mzigo ukizidi nyuma ya ekseli, mipini humwinua akaning'inia. Ukizidi mbele, humlemea mikono. Akikosea, hupakua akapanga upya.

Aundaye ndege nyumbani hana nafuu hiyo. Ari yenyewe si ngeni Kenya: Gabriel Nderitu wa Nyeri alijulikana katika miaka ya 2010 kwa kuunda ndege zake mwenyewe. Anayechagua ndege yenye gurudumu dogo mkiani hukabiliwa na fumbo la mkokoteni, ila gharama ya kukosea ni roho.

Magurudumu makuu mawili ya ndege hiyo sharti yatangulie kitovu cha uzito. Yakikikaribia mno, rubani akifunga breki kwa nguvu, mkia huinuka na pua ikachimba ardhi. Beryl Markham, aliyelelewa Njoro, aliionja nguvu hiyo Septemba 1936 alipovuka Atlantiki kutoka Uingereza hadi Kanada. Injini ilikosa mafuta, akatua kinamasini. Magurudumu yakazama, ndege ikasimamia pua. Alinusurika na jeraha kichwani.

Basi mbona yasisogezwe mbele kabisa? Hapo huzuka balaa la pili. Uzito ulioachwa nyuma hutaka kuyapita magurudumu. Ndege ikipinda kidogo inapokimbia ardhini, uzito huo huizidisha kupinda, hata ikazunguka kama pia na kuvunja bawa. Aidha, mkia huwa mzito kuinua wakati wa kuruka.

Wahandisi wameweka mipaka. Ndege ikiwa imenyoshwa kama ilivyo angani, mstari utokao kitovu cha uzito hadi magurudumu yanapogusa ardhi huelekea mbele kwa nyuzi 16 hadi 25 kutoka wima. Kitovu kikiwa mita 1.2 juu ya ardhi, hizo ni takriban sentimita 34 hadi 56. Uhuru wote wa muundaji, basi, ni kama shibiri moja.

Nacho kitovu hakitulii: rubani mnene, tangi tupu na mzigo wa nyuma hukihamisha. Kwa hiyo mizani hutangulia keekee. Muundaji hukokotoa kitovu cha mbele kabisa na cha nyuma kabisa, akahakikisha vyote viwili vimo ndani ya shibiri hiyo, ndipo atoboe tundu la kwanza la bolti.