Injini Ilikuwa ya Moto

Kosa langu kwenye ile pikapu halikutokana na kutojua. Ningekuwa mgeni wa magari, ningeshajisamehe zamani. Nilianza utingo nikiwa kijana, nimelala chini ya magari mabovu njia ya Bariadi na Maswa enzi za vumbi tupu, na hapa Nkoma watu hunifuata niwakagulie gari kabla hawajatoa hela. Kujua nilijua. Nilichokosa ni macho makavu.

Nilitaka gari la kubebea pamba. Kwetu Itilima, msimu wa ununuzi ukifunguliwa, mwenye pikapu hakosi kazi: magunia ya kupeleka chama cha ushirika (AMCOS), mahindi, hata wagonjwa. Kuagiza gari Japani sikuweza, maana hata lililozeeka likifika bandarini linasubiriwa na kodi ya uchakavu. Basi nikatafuta lililokwisha kuzoea vumbi letu: Toyota Hilux ya miaka ya 1990, ya dizeli, injini ya 3L, ile ya lita 2.8 ambayo kila fundi anaijua na vipuri vyake havisumbui kupatikana.

Mwenye gari alikuwa mzee wa heshima zake. Nilifika nikakuta gari limeoshwa, nikakaribishwa wali na kuku. Baada ya kunawa nikaweka kiganja kwenye boneti. Moto. "Nimetoka nalo sokoni sasa hivi," akasema, na mimi nikaitikia kwa kichwa.

Dizeli iliyochoka hujificha ikiwa ya moto. Ukitaka ikwambie ukweli, iache ilale usiku kucha. Asubuhi stata itazunguka mpaka uionee huruma, ikiwaka itatoa moshi mweupe na kugonga, na ukifungua kifuniko cha oili utaona inavyopumua. Nilipaswa kusema, "Mzee, nitarudi kesho alfajiri, usiiwashe." Sentensi fupi kabisa. Nikaona haya. Niliona ni sawa na kumwita mwongo uani kwake, kuku wake akiwa bado tumboni mwangu.

Na hapa ndipo ninapojishangaa. Mnadani, Msukuma anayenunua ng'ombe bila kumfungua mdomo akaangalia meno na kumtembeza atachekwa mpaka jioni, na mwenye ng'ombe haoni kwamba ametukanwa. Sijui ni lini gari tulilipa heshima ambayo ng'ombe hana.

Badala ya kukagua chuma, nikakagua karatasi. Nilisoma kadi kama karani. Niliuliza deni la faini za trafiki, kwa sababu faini hufuata namba ya gari na mnunuzi mjinga huirithi. Ada ya leseni ya gari ya kila mwaka ilishafutwa mwaka 2017, kwa hiyo huko sikuwa na hofu. Namba ya chesisi niliisoma vizuri sana, kwenye kadi. Ile iliyogongwa kwenye chesisi yenyewe, kulia mbele karibu na gurudumu, sikuisoma, maana ilitaka mtu apige magoti na kukwangua tope, na mimi nilikuwa nimevaa shati jeupe. Shati jeupe, kwenda kukagua gari!

Springi za nyuma niliziona nikiwa nimesimama. Zilikuwa zimeongezwa majani, nami nikafurahi kwamba gari lina nguvu. Majani ya kuongezwa ni ushahidi kwamba gari lilikuwa likizidishiwa mzigo: springi zikikataa kupinda, chesisi ndiyo hupinda. Tulipolijaribu barabarani nikavuta gia ya fowili, ikaingia, nikaridhika. Kwenye Hilux za zamani za aina ile, gia peke yake haitoshi. Unashuka, unazungusha habu za mbele kwa mkono, kisha unajaribu kwenye tope. Sikushuka.

Nikalinunua. Mvua ilinionyesha. Kwenye udongo mweusi wa mbugani magurudumu ya mbele hayakuvuta hata kidogo. Habu moja ilikuwa imeshikamana kwa kutu. Nikapiga jeki, na ndipo nilipolala chini ya gari langu kwa mara ya kwanza. Nyuma ya kabini, pale bodi linapoanzia, chesisi ilikuwa imepasuka, ikachomelewa na kupakwa rangi nyeusi. Asubuhi za baridi majirani walilisukuma mpaka likawaka, na oili ilikuwa inaliwa.

Hayo ningeweza kuyasimulia kijiweni, tukacheka. Lililonifanya niandike ni la baadaye, siku mnunuzi alipopatikana, kijana wa Lagangabilili. Niliamka kabla ya jua nikaliwasha, nikaliacha lingurume mpaka likapata moto. Juu ya pale palipochomelewa nikaongeza rangi nyeusi. Mke wangu akauliza ninafanya nini. Nikamjibu kwamba ninapasha injini, na kweli nilikuwa ninapasha injini.

Kijana akaja na shati lililochakaa. "Shikamoo mzee." "Marahaba." Akagusa boneti, akatabasamu. "Mzee, tuizime kwanza, tuongee huku inapoa." Hakukuwa na tusi lolote katika maneno yake. Tukanywa chai, tukazungumzia bei ya pamba, akanisikiliza vizuri kuliko wanangu. Kisha akatandika gunia, akaingia chini na tochi na bisibisi, nikasikia anakwangua.

Alipotoka alijipangusa mikono na bado akaniita mzee. Akataja bei iliyo chini sana ya ile niliyokuwa nimeitarajia. Nilikubali bila kubishana, halafu nikamwambia na habari ya habu, ambayo alikuwa bado hajaigundua.