Utunzaji wa Data za Utafiti wa Darasani

Wengi wetu tulifundishwa kwamba utafiti ni kuuliza swali, kukusanya majibu na kuandika ripoti. Habari ya karatasi zenyewe, zitakaa wapi na nani ataweza kuzisoma baadaye, aghalabu haikutajwa. Nilipokwenda chuo kikuu kwa mafunzo ya utafiti nilistaajabu kuona siku nzima ya kwanza ikitolewa kwa jambo hilo, kabla hatujaruhusiwa kutunga hata swali moja la hojaji.

Mhadhiri alitupa jedwali la alama za kusoma za watoto 10 wa darasa la pili, lililoachwa na mtafiti aliyekwisha kuhama. Jumla ilikuwa alama 48, na mbele ya watoto wawili iliandikwa 0. Je, wawili hao walisoma wakashindwa, au hawakufika shuleni siku ile? Jedwali halikusema. Ikiwa walishindwa, wastani wa darasa ni 4.8, ikiwa hawakuwapo, jumla hugawanywa kwa 8 na wastani ni 6. Tena, wastani ndio jambo dogo. Mtoto aliyeshindwa anahitaji kufundishwa herufi upya; asiyefika anahitaji mwalimu wa kwenda kuulizia nyumbani kwao. Hapakuwa na njia ya kujua ni yupi.

Kwa hiyo kila jedwali liambatane na maelezo: nani alipima, lini, kwa zoezi gani, na kila alama ina maana gani. Asiyekuwapo apewe alama yake, kwa mfano H, wala si sifuri. Karatasi ya awali isifutwe kamwe. Masahihisho yafanywe katika nakala. Nakala nazo ziwe tatu, mojawapo ikae mbali na jengo lenu. Tarehe 18 Aprili 2021 moto wa nyikani uliingia Chuo Kikuu cha Cape Town, ukateketeza chumba cha kusomea cha Jagger pamoja na vitabu na filamu nyingi zinazohusu Afrika. Kabati la shule ya msingi lina mchwa na mvua pia.

Majina ya watoto ni amana. Hapa Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata pasipo sheria, mzazi aliyekubali mwanawe apimwe hakukubali atangazwe. Mpe kila mtoto namba, na orodha ya majina na namba uifungie mahali pengine. Namba peke yake haitoshi, hasa kijijini: ukiandika "msichana asiyeona, darasa la pili, shule ya hapa", umekwisha mtaja.

Linabaki swali la orodha ile baada ya mazoezi ya kufundisha, mwanachuo anaporudi chuoni. Kwa maoni yangu ichomwe mara ripoti inapokubaliwa, na alama zenye namba zibaki maktabani. Wenzangu wawili wanaona itunzwe miaka mitatu, ili mtoto aweze kufuatiliwa mpaka darasa la tano. Hoja yao ina uzito, ila hawajaniambia ufunguo wa kabati atakaa nao nani.