Leo Ni ya Nini?

Ukiishi Arusha unajifunza mapema kwamba Mlima Meru haukusubiri. Mara nyingi saa kumi na mbili na nusu asubuhi uko wazi, unaweza kuhesabu hata makorongo yake. Ukisema utautazama ukimaliza mishemishe za mjini, saa tano mawingu yameshaufunika. Wahenga walisema siku njema huonekana asubuhi. Sisi wa Sakina tunaliona hilo kwa macho.

Nasema haya kwa sababu ya ndoa yangu. Mume wangu ni dereva wa watalii. Kuanzia Juni hadi Oktoba yuko Serengeti na Ngorongoro. Anarudi siku mbili, tunafua nguo, anaondoka tena. Mimi ofisini natoka saa kumi na moja, hoi. Basi kila jambo letu la maana likawa na tarehe moja: masika yakija. Masika tutajenga. Masika tutaenda Nkoaranga kumwona bibi yake, mwendo wa daladala tu! Masika tutakaa tuongee. Lakini mpenzi msomaji, masika yenyewe si Machi mpaka Mei tu? Hiyo miezi mingine ni ya nani?

Dawa aliileta yeye mwenyewe. Kabla ya udereva alikuwa mpagazi wa mlimani. Meru una zaidi ya mita 4,500, wa pili kwa urefu Tanzania baada ya Kilimanjaro. Hata hivyo, anasema, siku ya kwanza pale lango la Momella hakuna anayehangaika na kilele. Kazi ni moja: kufika kibanda cha Miriakamba, takriban mita 2,500, mkiongozwa na askari mwenye bunduki, maana njiani kuna nyati. Siku ya pili ni kibanda cha Saddle, kama mita 3,500. Kilele mnakiendea usiku, mkikaribia alfajiri.

"Mama, kila siku ina kibanda chake," aliniambia. "Ukifika cha leo, umeshapanda."

Sasa tunaishi hivyo. Asubuhi, awe nyumbani au porini penye mtandao, tunaulizana: leo ni ya nini? Jibu liwe moja, tena dogo. Kununua mifuko miwili ya simenti. Kuyamaliza ya juzi kabla ya chai. Usiku tunaulizana kama tumefika. Kama bado, tunasogeza kesho, hakuna kununiana.

Jumapili moja ya Oktoba jibu lilikuwa Nkoaranga. Bibi alimmegea mwanetu ndizi kwa mkono wake, wakacheka mpaka jioni. Februari akafariki. Masika hayakuwa yamefika.

Kwa hiyo wewe na mwenzi wako mnaosubiri bonasi, likizo au mwaka mpya ndipo muanze kuishi, kesho asubuhi kabla hamjashika simu ulizaneni hilo swali. Kazi kwenu!